Alfred Stock: Mwanakemia aliyeibiwa kumbukumbu na hewa ya maabara yake

Kama ulisoma kemia shule ya upili, jamaa huyu ashakukosesha usingizi hata kama hujawahi kusikia jina lake. Unazikumbuka zile namba za Kirumi zinazowekwa kwenye mabano baada ya jina la metali? Chuma(II), chuma(III), shaba(II)? Zile ambazo ukizisahau kwenye KCSE maksi inaenda hivyo hivyo? Mtindo huo ulipendekezwa mwaka 1919 na Mjerumani mmoja anayeitwa Alfred Stock, na hadi leo unaitwa kwa jina lake.

Basi leo nakuletea maisha ya huyo Stock. Ni stori ya mtu mwenye kichwa kikali ajabu, ambaye kwa karibu miaka 25 aliingia kazini kila asubuhi na kuvuta hewa iliyokuwa ikimla ubongo polepole. Hakuisikia harufu. Hakuiona. Madaktari wake nao hawakuiona. Ukimaliza kuisoma utaiangalia kazi yako kwa jicho lingine, hata kama kazi yenyewe haina uhusiano wowote na kemia.

Kijana wa Danzig

Stock alizaliwa tarehe 16 Julai 1876 mjini Danzig, bandari iliyokuwa ya Ujerumani wakati huo. Leo mji huo ni wa Poland na unaitwa Gdańsk. Alienda Berlin kusomea kemia katika chuo kikuu ambako bosi wa idara alikuwa Emil Fischer, mmoja wa wanakemia wakubwa kabisa wa enzi hizo. Stock akamaliza shahada ya udaktari mwaka 1899.

Baada ya hapo akapanda treni hadi Paris, akakaa mwaka mmoja na Henri Moissan, Mfaransa aliyekuwa ameifunga florini kwenye chombo kwa mara ya kwanza. Huko akapewa kazi ya kutafuta michanganyiko mipya ya boroni na silikoni. Kazi hiyo ilimwingia kwenye damu. Aliporudi Berlin, na hata alipopewa uprofesa mjini Breslau mwaka 1909, akili yake ilikuwa kwenye boroni.

Sasa elewa tatizo lake. Ukiunganisha boroni na haidrojeni unapata gesi ambazo ni noma. Zingine zikigusa hewa tu, zinawaka zenyewe. Zile za silikoni ni vivyo hivyo. Huwezi kuzimimina kwenye kikombe kama maji ya chai. Wanasayansi wengi walikuwa wamejaribu wakachoka, kwa sababu kila wakifungua chombo, kilichomo kimeshaharibika au kimelipuka.

Stock akapata njia. Alijenga mtandao wa mirija ya kioo uliofungwa kila upande, akaitoa hewa yote ndani, kisha akawa anahamisha gesi zake kutoka kona moja hadi nyingine bila zionje hewa ya nje hata kidogo. Lakini mirija inahitaji vali za kufunga na kufungua, na vali za kawaida za kioo hupakwa grisi. Gesi zake zilikuwa zinaishambulia grisi. Ndipo akachagua kitu ambacho hazingekigusa: zebaki.

Zebaki unaijua. Ile metali ya fedha-fedha inayotiririka, iliyokuwa ndani ya vipimajoto vya zamani. Stock alitengeneza vali za zebaki, pampu za zebaki, na vipima shinikizo vya zebaki. Maabara yake ilikuwa na zebaki kila mahali, ikipanda na kushuka ndani ya kioo.

Na mtambo ukafanya kazi. Kuanzia mwaka 1912 alianza kuchapisha matokeo: gesi moja baada ya nyingine, vitu ambavyo hakuna binadamu aliyekuwa amevishika vikiwa safi. Fani nzima ya kemia ya boroni ikazaliwa mikononi mwake. Mwaka 1916 akaitwa Berlin kwenye Taasisi ya Kaiser Wilhelm ya Kemia, na kufikia 1921 alikuwa mkurugenzi wake. Ungemwona ungesema huyu msee ameyapatia maisha.

Kichwa kinaanza kugoma

Lakini kwa miaka mingi, kuna kitu kilikuwa kikimfuata.

Kilianza kidogo kidogo. Kichwa kuuma. Kizunguzungu. Pua kuziba na kamasi lisiloisha. Stock alienda kwa madaktari, nao wakaona pua, wakaitibu pua. Alivumilia matibabu ya maumivu, hata kupasuliwa, na nafuu haikuja. Kila mtu alikuwa na maelezo yake: labda baridi, labda kazi nyingi, labda ni umri.

Kisha ikafika kwenye akili. Fikiria hili: anafungua kitabu cha namba za simu, anaitafuta namba, anaiona, anageuka kwenda kwenye simu, na kabla ya kuifikia namba imeshapotea kichwani. Anasoma kitabu, halafu hakumbuki kilihusu nini. Anaenda kuangalia mchezo wa kuigiza, na baada ya muda hauna alama yoyote kwenye kumbukumbu yake. Mbaya zaidi, alianza kusahau hata yale aliyoyaandika mwenyewe kwenye makala zake za kisayansi.

Hesabu za kichwani, ambazo mwanakemia hufanya kama anavyopumua, zikawa mzigo. Kucheza chesi kukawa kazi. Alikuwa mtu wa watu na mchapakazi, sasa akawa mzito wa kuanza jambo lolote, mwenye huzuni isiyo na sababu, anayejificha wenzake. Masikio nayo yakaanza kupunguza nguvu.

Jiweke kwenye viatu vyake kidogo. Huyu hakuwa mbeba mizigo anayeumwa mgongo. Chombo chake cha kazi kilikuwa kichwa. Na hakuweza kumwambia mtu, kwa sababu angesema nini? Kwamba mkurugenzi wa taasisi kubwa hawezi kukumbuka namba ya simu?

Wenzake wa maabara nao walikuwa na mambo yaleyale. Huyu anaumwa kichwa, yule amechoka bila sababu, mwingine anasahau. Kila mmoja alibeba lake kimyakimya, akidhani ni lake peke yake. Katika majira ya baridi ya 1923 kuingia 1924, hali ikawa mbaya kwa wote. Kumbuka hiyo baridi, tutairudia.

Jibu lililokuwa sakafuni

Mwaka 1924 ndipo mtaalamu wa sumu wa Berlin, Louis Lewin, alipoelezwa dalili hizo na kushuku zebaki mara moja. Wakapima hewa ya maabara. Zebaki ilikuwemo.

Ilitoka wapi? Kwenye mtambo ule ule uliompa jina. Kwa miaka, matone yalikuwa yakimwagika, kama yanavyomwagika kwa kila mtu anayefanya kazi na zebaki. Tone likianguka halikai pamoja. Linapasuka na kuwa vitone mamia visivyoonekana, vinabingirika na kuingia kwenye nyufa za sakafu ya mbao na chini ya meza. Huko vinakaa, na mchana na usiku vinatoa mvuke.

Sasa ile baridi. Wakati wa baridi Ulaya, madirisha yanafungwa na chumba kinapashwa moto. Joto linaongeza mvuke, na madirisha yaliyofungwa yanauzuia kutoka. Kwa hivyo walipojikinga na baridi ndipo walipojipikia sumu.

Utauliza, kwani profesa wa kemia hakujua zebaki ni sumu? Alijua. Kila mtu alijua, na kwa mamia ya miaka. Mwaka 1700 daktari Mwitaliano Bernardino Ramazzini alikuwa ameshaandika kuhusu mafundi wa vioo vya kujitazama na wapaka dhahabu waliokuwa wakitetemeka na kuisha. Watengenezaji kofia wa Ulaya na Marekani walijulikana kwa mikono isiyotulia na hasira za ghafla, kwa sababu manyoya ya kofia yalitiwa dawa yenye zebaki. Lakini watu waliamini kwamba sumu hiyo ni ya viwandani, ya wale wanaozama ndani yake. Kiasi kidogo kwenye hewa ya maabara safi ya wasomi? Hakuna aliyekiogopa.

Inavyoingia ubongoni

Hapa nisikilize vizuri, kwa sababu ndio moyo wa stori.

Ukimeza tone la zebaki ya metali, karibu lote litapita tumboni na kutoka. Utumbo unafyonza kidogo mno. Ndiyo maana wako watu wanaodhani haina shida. Lakini mvuke wake ni jambo lingine kabisa. Ukivuta pumzi, karibu asilimia 80 ya mvuke uliouvuta unabaki mwilini. Kutoka kwenye mapafu unaingia kwenye damu, na kwa kuwa chembe zake hazina chaji na huyeyuka kwenye mafuta, zinapenya ule ukuta unaoulinda ubongo, ukuta unaozizuia sumu nyingi nyingine.

Zikiwa ndani ya ubongo, mwili wenyewe unazigeuza. Zinapata chaji, na sasa ule ukuta uliozipitisha unazizuia kutoka. Zinaganda kwenye protini za seli na kuvuruga kazi yake. Ni kama mgeni aliyeingia kwa mlango wa mbele, halafu mlango ukafungwa akiwa ndani. Kwenye mwili kwa jumla, nusu ya zebaki huondoka kwa muda wa kama miezi miwili ukiacha kuivuta. Iliyo ubongoni huchukua muda mrefu zaidi.

Dalili zake ni zile zile zilizowachanganya madaktari wa Stock. Vidole, kope na midomo hutetemeka, mwandiko unaharibika. Usingizi unapotea. Kumbukumbu inapungua. Fizi zinavimba na kutoka damu. Na tabia inabadilika: mtu anakuwa mwenye aibu kupita kiasi, mwoga wa kuangaliwa, kisha analipuka kwa hasira juu ya kitu kidogo. Ona hatari yake: hizi zote ni dalili ambazo jirani, mke au bosi atakwambia ni stresi, ni pombe, au umebadilika tu siku hizi.

Alichofanya baada ya kujua

Wengi wangenyamaza. Profesa kukiri hadharani kwamba akili yake ilipungua si jambo rahisi, hasa wakati bado anataka kazi na heshima. Stock alifanya kinyume. Mwaka 1926 alichapisha makala katika jarida la wanakemia wa Ujerumani kuhusu hatari ya mvuke wa zebaki, na akajianika yeye mwenyewe. Aliyaorodhesha yote: pua, namba za simu, vitabu vilivyosahaulika, huzuni, aibu. Alitaka mwanafunzi yeyote kwenye maabara yoyote ajitambue ndani ya orodha hiyo kabla hajapoteza miaka 25.

Barua zikaanza kumiminika kutoka kwa watu waliokuwa wakiugua vivyo hivyo bila kujua sababu.

Mwaka huo huo alihamia Karlsruhe, akajengewa maabara iliyopangwa kwa tahadhari dhidi ya zebaki. Alihubiri sakafu zisizo na nyufa, hewa inayopita, na kutofanya mchezo na tone lililomwagika. Pia akaligeuza janga lake kuwa utafiti. Alibuni njia ya kupima zebaki iliyo ndogo mno: aliikusanya hadi ikawa kitone kimoja cha mviringo, akakitazama kwa darubini, akakipima upana na kukokotoa uzito wake. Kwa njia hiyo aliweza kuitafuta kwenye hewa, kwenye chakula na kwenye mwili wa binadamu. Nguvu zilezile alizotumia kuzifukuza gesi za boroni, sasa alizitumia kumfukuza mwizi wake.

Akafika hadi kwenye meno. Alisema vijazio vya meno vyenye zebaki vinatoa mvuke mdomoni, akawataka madaktari wa meno waviache. Hapo kukawa na vita. Wengine walimwona mtu aliyeumwa na nyoka anayeogopa ung'ongo. Mjadala huo uliendelea miongo mingi baada yake.

Je, alipona? Kwa kiasi. Baada ya kuondoka kwenye hewa ile, akili ilirudi polepole, kwa kupanda na kushuka. Mwaka 1932 aliweza kwenda Marekani kufundisha katika Chuo Kikuu cha Cornell, na mihadhara hiyo ikawa kitabu kuhusu boroni na silikoni. Lakini mwili wake ulibaki mwepesi kudhurika. Hata zebaki kidogo iliweza kurudisha dalili.

Upande usiopendeza

Sitakuficha hili. Stock alijiunga na chama cha Nazi mwaka 1933, na kati ya 1936 na 1938 alikuwa rais wa Jumuiya ya Kemia ya Ujerumani, wakati ambapo wanasayansi Wayahudi walikuwa wakifukuzwa kazini na kukimbia nchi. Mtu anaweza kuwa na huruma kubwa kwa mwanafunzi anayevuta mvuke, halafu akasimama na serikali inayomkanyaga jirani yake. Ugonjwa haukumfanya malaika. Ukimsoma, msome mzima.

Mwisho wake

Mwaka 1936 alistaafu mapema kwa sababu ya afya, akarudi Berlin. Mwili ukazidi kukakamaa, hata kutembea kukawa kwa shida. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia aliondoka Berlin na kuhamia Silesia na mkewe. Mwaka 1945 jeshi la Urusi lilipokaribia, wazee hao wawili wakalazimika kukimbia tena. Wakaishia Aken, mji mdogo kando ya mto Elbe, bila maabara wala chochote cha maana. Huko ndiko Alfred Stock alikofia tarehe 12 Agosti 1946, akiwa na miaka 70.

Hakupata Tuzo ya Nobel. Lakini mwaka 1976, miaka 100 kamili tangu azaliwe, William Lipscomb wa Marekani aliipata kwa kueleza jinsi michanganyiko ileile ya boroni ilivyojengeka. Miaka mitatu baadaye Herbert Brown naye akaipata kwa kazi iliyotokana na gesi hizo hizo.

Na wewe je?

Unaweza kusema hiyo ni Ujerumani ya zamani. Haya, twende Migori. Twende Kakamega. Twende Geita upande wa pili wa mpaka. Mchimbaji mdogo wa dhahabu anachanganya udongo uliosagwa na zebaki, zebaki inaishika dhahabu, kisha bonge hilo linawekwa juu ya moto. Zebaki inapaa, dhahabu inabaki. Na kilichopaa ndicho kile kile kilichokuwa kwenye sakafu ya Stock, tofauti ni kwamba hapa ni wingu zima, puani mwa kijana wa rika lako na wakati mwingine mtoto akiwa hapo kando. Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba zaidi ya thuluthi ya zebaki inayotupwa hewani na binadamu duniani inatoka kwenye uchimbaji mdogo wa dhahabu.

Kuna mkataba wa kimataifa wa kuibana zebaki, Mkataba wa Minamata, uliotiwa saini Japani mwaka 2013 na kuanza kutumika 2017. Uamuzi wa kuanza mazungumzo yake ulifanyika hapa hapa Nairobi, Februari 2009. Mkataba upo. Lakini karatasi haivuti mvuke kwa niaba yako.

Kwa hivyo shika haya machache. Kipimajoto cha zebaki kikivunjika, usifagie, kwa sababu ufagio unavipasua vitone na kuvisambaza. Toa watoto, fungua madirisha, kusanya matone kwa karatasi ngumu, funga kwenye chupa yenye kifuniko, na mikono isiguse. Balbu ya floresenti ikipasuka, fungua madirisha na utoke kwa muda kabla ya kuokota vipande. Sabuni au krimu ya kung'arisha ngozi isiyoandikwa kilichomo, iache dukani, kwa sababu zebaki imekutwa mara nyingi kwenye bidhaa kama hizo. Na kama una ndugu au beshte kwenye machimbo, mwambie kuna kifaa cha kuchomea kilichofungwa kinachoushika mvuke na kuurudisha kuwa zebaki. Anaokoa ubongo wake na pesa ya zebaki pia.

La mwisho ni hili. Stock na wenzake walikaa chumba kimoja, wanaumwa kitu kimoja, kila mmoja akidhani ni udhaifu wake binafsi. Wangekaa chini siku moja wakaulizana tu, pengine jibu lingepatikana miaka kumi mapema. Kazini kwako, iwe ni kwa karakana ya betri, saluni, kiwanda cha rangi au machimbo, mkianza kuumwa kichwa watu watatu kwa wakati mmoja, msiende kununua dawa ya maumivu kila mtu kivyake. Ulizaneni. Halafu mwangalie mnavuta hewa gani.